Kofia Iliyoshushwa: Kisa cha Bango la Wicked, Kikitazamwa Kutoka Benchi la Lamu

Kisa hiki kiliingia dukani kwetu Oktoba 2024, ndani ya simu ya binti aliyekuja kuchapisha kazi yake ya chuo. Duka liko kichochoroni, nyuma ya Mkunguni, hatua chache kutoka Ngomeni. Tunachapisha kadi za harusi, matangazo ya darsa, mabango ya wagombea kampeni zikianza, na picha za pasipoti siku zote. Umeme ukikatika au mashine ikitafuna karatasi, mteja hukaa benchi akafungua simu, na habari za ulimwengu hutufikia kwa njia hiyo.

"Dada, hebu tazama," akanigeuzia kioo. "Lipi zuri?"

Mabango mawili ya filamu yalikuwa yamewekwa ubavu kwa ubavu. Katika kila moja kulikuwa na wanawake wawili, mmoja ana uso wa kijani na kofia nyeusi ya ncha, mwingine kavaa nyeupe na kamwinamia sikioni, kama anayemnong'oneza siri. Ukitazama kwa haraka utasema ni picha moja iliyochapishwa mara mbili. Kisha unaona. Katika la kwanza yule wa kijani anakukazia macho. Katika la pili ukingo wa kofia umeshuka mpaka karibu na pua, macho hayapo, na midomo imetiwa wekundu ikavutwa upande mmoja kwa tabasamu la mtu ajuaye jambo.

"Hili," nikasema, nikagusa la pili. "Lina siri."

"Wengi wasema hivyo hivyo. Mwenyewe kakasirika."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye uso."

Nilikuwa nimechagua bango lisilo rasmi, lililohaririwa na shabiki. Kazi yangu ni kutengeneza picha za watu, nikaona aibu kidogo, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikifuatilie kisa mpaka mwisho.

Lilivyokuwa

Wicked ulianza kama mchezo wa nyimbo wa jukwaani. Ulifunguliwa Broadway, New York, mwezi wa Oktoba 2003, katika ukumbi wa Gershwin, ukiwa na nyimbo za Stephen Schwartz na maandishi ya Winnie Holzman. Waigizaji wakuu wa kwanza walikuwa Idina Menzel na Kristin Chenoweth. Msingi wake ni riwaya ya Gregory Maguire ya 1995, iliyomchukua yule mchawi mbaya wa hadithi ya Oz, aliyeandikwa na L. Frank Baum mwaka 1900, ikauliza swali ambalo mtu yeyote wa mtaani angeliuliza: aliyesema ni mbaya nani? Mchawi huyo hakuwa na jina, Maguire akamwita Elphaba, jina alilolikokotoa kutoka herufi za mwanzo za L. Frank Baum. Kazaliwa na rangi ya kijani, na kabla hajafungua mdomo watu wamekwisha kumhukumu.

Bango la mchezo lilikuwa la kuchorwa, tena kwa rangi chache mno. Mchawi wa kijani, kofia imemfunika macho, midomo myekundu inacheka kidogo. Mwenzake, Glinda, mweupe kama kanzu ya Ijumaa, anamnong'oneza. Kwa miaka zaidi ya 20 picha hiyo imevaliwa kwenye fulana na kubandikwa kwenye vikombe, hata mashabiki hawaioni tena kama tangazo. Ni kama pindo la kanga kwa sisi. Unaliona kwa mbali, hujasoma jina, umeshajua ni kanga.

Kisha ikaja filamu. Studio ya Universal walimpa Jon M. Chu aiongoze, wakaipasua sehemu mbili, ya kwanza ikatoka Marekani tarehe 22 Novemba 2024. Elphaba akawa Cynthia Erivo, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinigeria, mshindi wa tuzo ya Tony ya 2016. Glinda akawa Ariana Grande. Nyuma yao wakajipanga Michelle Yeoh, Jeff Goldblum, Jonathan Bailey. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa filamu ya nyimbo yenye nyota tele ni kitu gani. Tumelelewa na filamu za Kihindi, tunajua kwamba mtu akizidiwa na penzi lazima aimbe, na kwamba bango likiwa na nyuso saba basi nyimbo hazitapungua saba.

Wiki chache kabla filamu haijatoka, likatolewa bango lililoigiza mkao wa ule mchoro wa zamani: kofia ile, mnong'ono ule, Glinda kwenye sikio lile. Lakini Erivo alikuwa anatazama kamera, na midomo yake haikuwa na wekundu wala kicheko. Mashabiki wakaweka mchoro na picha pamoja, wakapima. Mmoja wao akaona kuna kazi haijakamilika, akaikamilisha mwenyewe. Akashusha kofia, akatia rangi midomoni, akausogeza mkono wa Glinda ili ukae kama wa mchorani. Picha ikasambaa, na wengi wakaipenda kuliko ile rasmi.

Tarehe 16 Oktoba Erivo akajibu kwenye Instagram, na hakujibu kwa upole. Alisema hajapata kuona jambo la ajabu na la kuudhi kama hilo, akaliweka sawa na video za akili bandia zilizowaonyesha yeye na Grande wakipigana, na sawa na swali la utovu wa adabu lililokuwa likizungushwa kuhusu mwili wake na rangi ya kijani. Hoja yake kuu ilikuwa hii: bango la zamani ni mchoro, yeye ni binadamu hai, na aliamua kwa makusudi kuitazama kamera kwa sababu pasipo maneno watu huzungumza kwa macho. Bango lao, alisema, ni la kuuenzi mchoro, si la kuunakili. Kumhariri uso na kumficha macho ni kumfuta.

Neno "kumfuta" lilivyopokelewa benchini

Hapo ndipo binti wa chuo aliponishangaza. Yeye huvaa ninja, pazia la uso linaloacha macho tu. Nilidhani atamwonea huruma mwigizaji, kumbe ameudhika.

"Yeye asema akifichwa macho kafutwa," akasema. "Sawa. Na mimi niliyefunika mdomo na pua na paji? Nimebaki kiasi gani?"

Wengine dukani wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Katika mji huu kufunika uso si habari. Bibi zetu walivaa shiraa, wakaja mama zetu na buibui la kamba lililoshikwa kwa mkono puani, na sasa wasichana wana ninja za vifungo na za elastiki, zenye pazia moja hadi tatu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jirani yangu amefutwa. Namjua kwa mwendo, kwa sauti, kwa udi wake. Na zaidi ya vyote namjua kwa macho, ambayo ndiyo aliyoyaacha wazi. Waswahili walisema macho hayana pazia, na ukitembea Lamu utadhani methali hiyo ilitungwa na fundi cherehani.

Ukilitazama hivyo, lile bango la shabiki liko kinyume kabisa na ninja. Limefunika ambacho sisi huacha, likaacha ambacho sisi hufunika. Mdomo upo, tena mwekundu. Macho ndiyo yameondoka.

Tulikuwa katikati ya maneno hayo alipoingia Bibi mmoja wa Langoni kuchukua picha zake za pasipoti, buibui lake limeshikwa kwa meno ili mikono ipate kufungua kibeti. Akaitazama simu ya binti.

"Huyu mefitwa mato ni nani?"

"Aitwa Cynthia, Bibi. Mwigizaji."

"La. Nauza, mefitwa ni nani?"

Msomaji wa bara anisamehe. Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, macho ni mato, mefitwa ni amefichwa, kuuza ni kuuliza, na "ni nani" hapo maana yake ni "na nani". Binti amezaliwa hapa hapa, lakini shule imempeleka mbali kidogo, akasikia Kiswahili cha vitabuni. Bibi hakuuliza mwanamke huyu ni nani. Aliuliza nani kamficha macho. Alipoelezwa kwamba ni shabiki, mtu asiyemjua hata kidogo, akasema "A-a!" ya kuvuta, akalipa picha zake, akazihesabu mara mbili, akatoka.

Kwangu mimi shauri liliishia pale, ingawa mabishano yaliendelea hadi adhuhuri. Binti anapoamka asubuhi na kufunga ninja yake, mkono ni wake. Anaweza kuifungua akifika kwa shangazi yake, na akikasirika anaweza kuishusha zaidi. Kofia ya Elphaba haikushushwa na aliyeivaa. Erivo alitumia neno kubwa, "kufuta", na nadhani neno hilo halikufika vizuri kwa watu waliozoea mitandio, lakini kilichomuuma kinaeleweka ukiuliza swali la Bibi badala ya kuuliza ni kiasi gani cha uso kimeonekana.

Jicho la kunakili

Naliweka hapa langu, maana si haki kumsema shabiki wa ng'ambo na mimi nina yangu.

Miaka kadhaa nyuma kikundi cha wanawake wanaoimba harusini kililetwa dukani na kiongozi wao, mwimbaji wa makamo, sauti yake hata bila spika inafika gatini. Walitaka bango. Yeye ana chamba katika jicho la kushoto, weupe kama ukucha mdogo. Nilipokaa kwenye kompyuta usiku, nikaona nimfanyie ihsani. Nikanakili jicho la kulia, nikaligeuza, nikalibandika kushoto, nikalainisha kingo. Lilikaa vizuri mno. Nilijipongeza.

Alikuja asubuhi, akalitandaza bango mezani, akaweka kidole.

"Hili jicho la nani?"

"Lako, mama. Ni la kulia."

"La kulia nalijua. Nauliza hili."

Nikasema nilitaka apendeze. Akaniuliza lini alinambia hapendezi. Sikuwa na jibu. Nilichapa upya mabango yote kwa gharama yangu, na karatasi wakati huo zilikuwa zimepanda bei.

Nilikuja kulielewa jicho lile baadaye, harusini. Kila aliyekaa katika taarabu ya wanawake anajua kwamba fumbo halikamiliki kwa maneno. Mwimbaji hulisindikiza kwa macho mpaka limfikie mlengwa, na ukumbi mzima hugeuka kuona limetua wapi. Huyu mama, akiimba mkwaju wa mafumbo, huwageuzia upande wa kushoto. Kwa jicho lile hakuna anayejua anamtazama nani, kwa hiyo wanawake kumi wanachomwa kwa mpigo mmoja, na kumi wote wanakwenda kutuza ili waonekane hawakuguswa. Nilikuwa nimemnyang'anya zana ya kazi.

Ndiyo maana Erivo aliposema kwamba watu huzungumza kwa macho pasipo maneno, sikuyaona kama maringo ya nyota. Mwigizaji anajua kipi kimembeba. Tena alikuwa amekwisha kuweka mengi yake ndani ya Elphaba. Ile misuko midogo midogo ya nywele aliitaka yeye, ili mchawi wa kijani awe na kichwa ambacho mwanamke Mweusi anakijua. Kutazama kamera ilikuwa moja katika hizo chaguo.

Lakini shabiki naye

Sitaki nimwache shabiki akipigwa mawe. Hakutukana. Hakuichafua sura. Kwa ninavyoona, alikuwa na mapenzi na mchoro aliokua nao, na alikaa na picha ile kwa uvumilivu, maana kazi ya ukingo wa kofia na kivuli chake haikuwa ya kulipua. Erivo alikosea, nadhani, kumfunga kamba moja na wenye matusi na wenye video za ngumi. Watu wa kamba moja hawakuwa wa kosa moja. Na nguvu hazikulingana: nyota anapoandika, jeshi zima husoma, na mtu aliyekaa chumbani na kompyuta yake hujikuta anaitwa adui.

Ariana Grande, alipoulizwa siku chache baadaye, alipita katikati. Alisema akili bandia inamtatiza, na kwamba mashabiki watacheza tu na kutengeneza picha zao, huku akieleza heshima yake kwa Erivo, anayemwita dada. Erivo mwenyewe alikuja kulizungumzia akiwa ametulia. Alisema alikuwa akitaka kumlinda Elphaba wake mdogo, lilimtoka kibinadamu, na pengine angewapigia marafiki zake simu kwanza. Hilo la simu nimelipenda. Ni jibu ambalo kila mtu aliyewahi kutuma ujumbe saa sita za usiku analielewa.

Ambaye hakuulizwa sana katika yote haya ni aliyelitengeneza bango rasmi. Mimi ningeanzia kwake. Ukichukua mkao wote wa picha inayopendwa, kofia, sikio, mnong'ono, halafu ukabadilisha vitu viwili tu, umewaita watu waje kulinganisha. Hujawapa jipya la kulitazama kwa upya, wala hujawapa la zamani likaisha hamu. Ni kama kumwekea mtu wa Lamu mkate wa mofa bila supu ukamwambia ni mlo mwingine. Atakwenda jikoni kuitafuta supu. Wauzaji walitaka mapenzi ya miaka 20 yawasaidie kuuza tiketi, na mapenzi hayo yakaja na madai yake. Lawama ikamwangukia mwenye uso na mwenye kompyuta, wakagombana wao kwa wao, na biashara ikatangazwa bure. Sisemi walipanga. Nasema hawakupata hasara. Sehemu hiyo ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani, ikateuliwa mara 10 kwa Oscar, Erivo akiwemo, ikaondoka na mbili, ya mavazi na ya mandhari.

Wapo wanaotetea mashabiki kwa mfano wa Sonic, yule mhusika wa mchezo wa video aliyetiwa kwenye filamu. Mwaka 2019 watu walikataa sura ya yule kalunguyeye wa buluu, meno yake hasa, na studio ikamchora upya na kuisogeza filamu hadi Februari 2020. Watu walisema wakasikilizwa, na ilikuwa heri. Mfano mzuri, ila Sonic akibadilishwa meno hakuna anayeamka na kujiangalia kwenye kioo. Kilichowachanganya wengi katika kisa cha Wicked ni kwamba bango la zamani lilikuwa mchoro kama Sonic na la filamu ni mtu. Mkono uliozoea kuvuta mistari ya mchoro haukuhisi tofauti ulipofika kwenye ngozi, na programu zetu hazisaidii, maana kipanya hakina habari kama kinasogeza wino au kope.

Bango la Novemba

Mwaka mmoja baadaye, sehemu ya pili ya filamu ilipokuwa inakaribia, binti yule yule alirudi. Kamaliza chuo, na binamu yake anaolewa. Walitaka bango la ukumbi wa wanawake siku ya kupamba. Mabango ya namna hiyo huletwa kwangu kwa kuwa mimi ni mwanamke na picha hazitoki nje ya duka.

Akanitolea picha mbili. Bibi harusi amekaa, anatazama kamera, hina mpaka viwikoni. Dada yake kamwinamia sikioni. Nikajua tunakokwenda kabla hajasema.

"Mshushie mtandio mpaka hapa," akaonyesha pua. "Na midomo iwe myekundu. Kama lile bango."

"Lile la shabiki?"

"Lile zuri."

Nikamuuliza kama bibi harusi mwenyewe amesema. Akasema wanataka kumshtukiza. Nikamwambia sishiki kipanya mpaka nimsikie mwenye uso. Alinitazama, na kwa kuwa ni macho tu nilikuwa nayaona, niliona vizuri sana kwamba amekumbuka nani alikuwa kwenye benchi siku ile na aliuliza nini. Akapiga simu, akaiweka spika.

Tulimweleza bibi harusi yote, mtandio, pua, wekundu. Akanyamaza. Nyuma yake kulikuwa na kelele za masufuria na mtoto analia.

"Macho ayaache," akasema mwishowe. "Wekundu sawa. Lakini mwambie, kama yuaweza, pua anipunguzie kidogo."

Nikampunguzia kidogo.